Muulize Shangazi: Ndoo tatu kwa siku zinaishia kwenye vyombo tu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba bomba lisiachwe linatiririka wakati wa kusuuza vyombo, nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimegusa penyewe. Maswali yamekuja mengi kuliko hata yale ya keki, kwaiyo leo ukurasa mzima tunauachia vyombo, maji, na moto wa kupashia hayo maji. Nimechagua machache yanayofanana na ya wengi. Kama lako halipo soma la mwenzio, nadhani jibu utalikuta humo.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mpangaji huku Mbagala, nyumba tuko familia nne na bomba ni moja la uani, maji yanatoka mara mbili kwa wiki, siku zingine tunanunua kwa jirani mwenye kisima ndoo shilingi 300. Kwangu tuko watu sita. Wiki iliyopita nilihesabu nikaona ndoo tatu kubwa kila siku zinaishia kwenye vyombo tu, hapo sijafua wala hatujaoga. Hiyo ni 900 kwa siku shangazi, na hela ya mboga yenyewe unaijua. Nipunguze vipi bila kuwalisha wanangu kwenye sahani chafu? (Mama wa Wanne, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhesabu, mana watu wengi wanalalamika maji yanaisha lakini hawajui yanaishia wapi. Ndoo tatu ni lita 60. Mimi nilianza kupima kwangu Oktoba 2022, kipindi kile mto Ruvu ulipungua maji mpaka mgao ukatangazwa hapa Dar, nikachukua ndoo ya lita 10 nikaiweka chini ya bomba la jikoni na simu mkononi, ikajaa kwa sekunde 75. Maana yake kila dakika bomba langu linamwaga lita 8. Na mimi nilikua nasuuza bomba likiwa wazi, robo saa nzima, sahani moja moja, yaani lita 120, ndoo kubwa sita kwa mlo mmoja! Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile ndoo. Miaka yote hiyo nilikua najiona mtu wa kubana matumizi.

Sasa wewe huna bomba jikoni, unachota, kwaiyo tayari umenishinda. Ila lita 60 bado zinapungua na nakwambia zinapungua karibu nusu, nimefanya mwenyewe.

Cha kwanza kabisa ni makombo. Usitoe makombo kwa maji, hapo ndipo maji ya watu wengi yanapopotea, maji ya kwanza yanachafuka kwa sahani tatu tu inabidi umwage uchote mengine. Komba sahani na kijiko mpaka mwisho alafu futa yale mafuta na kipande cha gazeti au karatasi za madaftari ya watoto yaliyoisha, ile rojo ya mchuzi yote ibaki kwenye karatasi. Sahani inayoingia kwenye beseni iwe imeshafutwa, utaona maji yako yanakaa masafi mpaka chombo cha mwisho.

Cha pili, na hiki nataka ukishike kuliko vyote, usisubiri vyombo vikauke. Sufuria ya ugali ikishapakuliwa bado ya moto, mimina kikombe kimoja cha maji, funika na mfuniko wake, irudishe juu ya jiko ambalo makaa yanafifia, muende mkale. Mkimaliza kula, funua. Ukoko umelainika wote, unaingiza mwiko pembeni unanyanyuka kama karatasi, unabaki na sufuria ambayo ukiipitisha sponji mara moja imeisha. Sufuria hiyohiyo ukiiacha mpaka jioni utasugua na stili waya nusu saa, utamwaga maji mara tatu, na mkono utauma. Maji ni kikombe kimoja na moto hukuuongeza, ni ule uliobaki ambao ungezima bure. Ila vyombo vya mayai na maziwa hivyo anza na maji ya baridi, ya moto yanayapika yale mabaki yanagandia pembeni ndo hayatoki kabisa.

Cha tatu ni mabeseni matatu. La kwanza maji ya sabuni, la pili ya kusuuza, la tatu ya kusuuza mara ya mwisho, kila moja lita 4 zinatosha kwa vyombo vya watu sita. Anza na glasi na vikombe, zifuate vijiko, alafu sahani, alafu mabakuli ya mboga, sufuria ziwe za mwisho kabisa. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai ndani ya beseni kinatosha, usiiminye juu ya sponji kila chombo, mana sabuni ukizidisha ni maji ya kusuuza ndo yanayokwenda, povu linakataa kuisha unachota tu. Ukimaliza sahani, maji ya lile beseni la tatu bado yanafaa, yamimine kwenye sufuria zilizobaki, osha nayo, alafu zisuuze kwa lita mbili za maji safi ukimimina na kata. Jumla lita 14. Mara mbili kwa siku lita 28, yaani ndoo moja na nusu hivi. Umeokoa 450 kila siku unayonunua maji, na ukinunua mwezi mzima ni 13,500.

Mara mbili nimesema kwa makusudi. Kuosha kila mtu anapomaliza kunywa chai ndo kunakomaliza maji. Wape watoto kila mmoja kikombe chake, kiwe na rangi yake au alama ya uzi kwenye mkono wa kikombe, anywee hichohicho mpaka jioni.

Maji ya sabuni usiyamwage uani, yapeleke chooni, yanatosha kumwagia choo mara kadhaa. Yale ya kusuuza deki nayo sebule au mwagia mgomba kama upo. Usiyaweke mpaka kesho, yananuka na mbu wanazaliana. Na beseni la tatu, la mwisho, hilo usilionee uchoyo, likianza kuwa na povu au mafuta yanaelea badilisha hata kama bado vyombo vitano. Hapo ndo penye afya ya watoto, siyo sehemu ya kubania.

SWALI: Mambo shangazi, samahani shikamoo. Mimi ni bachela niko Mwanza naishi peke yangu chumba kimoja na gesi ya mtungi mdogo wa kilo 6. Mtungi wangu hauishi hata mwezi na napika kidogo tu. Jamaa yangu kaniambia ni kwa sababu nachemsha maji ya kuoshea vyombo asubuhi na jioni. Nimezoea hivo toka nyumbani, mama alikua anasema vyombo visivyooshwa na maji ya moto vina vijidudu. Kweli maji ya vyombo yanaweza kumaliza gesi? (Kijana wa Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa yako kakwambia ukweli, na mama naye hakukosea, ngoja nikueleze kila mmoja yuko sahihi wapi.

Chukua beseni la lita 5. Ukiyatoa maji kwenye ubaridi wa kawaida wa bomba, tuseme nyuzi 25, ukayapeleka mpaka yanatokota, jiko la gesi la kawaida litakula kama gramu 65 mpaka 70 za gesi, mana karibu nusu ya moto unapita pembeni ya sufuria haufiki kwenye maji. Mara mbili kwa siku kwa siku 30, ni kilo nne. Kilo nne kwenye mtungi wa kilo sita! Hapo ulichobakiza cha kupikia ni kilo mbili, lazima uone mtungi umeibiwa.

Lakini jiulize, maji yanayotokota unaoshea vipi? Huwezi kuingiza mkono. Unayaacha yapoe, si ndio? Au unachanganya na baridi mpaka beseni linajaa kuliko ulivyohitaji. Kwaiyo umenunua moto alafu umeuacha uende hewani. Chemsha lita moja na nusu tu, zitie kwenye beseni lenye lita tatu za baridi, sehemu moja ya yanayotokota kwa mbili za baridi inakupa maji ya nyuzi kama 50, hayo mkono unayastahimili kwa shida kidogo, na yakishapita dakika mbili tatu yako sawa kabisa. Gesi inashuka mpaka theluthi ya ile uliyokua unatumia. Na funika sufuria unapochemsha, jamani watu wanachemsha maji wazi kama wanatengeneza mvuke wa kujifukiza.

Kama una birika la umeme ndo bora zaidi, mana moto wote uko ndani ya maji. Birika likijaa, lita 1.7, linatumia kama moja ya sita ya unit, na kwa bei ya Luku ya kawaida ya shilingi 350 na kitu kwa unit haizidi shilingi 60 hivi.

Sasa habari ya mama. Maji ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani hayaui vijidudu, yangekua yanaua yangekuunguza na wewe. Kinachosafisha ni sabuni kubandua mafuta na uchafu, vijidudu vinang'oka navyo, alafu maji safi ya kusuuza yanavipeleka, alafu jua na upepo vinakausha. Kwaiyo glasi, vikombe, sahani ya wali, bakuli la maharage yaliyopikwa na mafuta ya alizeti, vyote hivyo maji ya baridi na sabuni yanatosha, kwa joto la kwetu maji ya baridi yenyewe siyo baridi. Maji ya moto weka kwa ajili ya mafuta yanayoganda. Hapa kuna kitu watu hawakiangalii, mafuta ya alizeti hayagandi hata asubuhi, mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na mafuta ya ng'ombe yanahitaji nyuzi 40 na zaidi ndo yayeyuke vizuri. Ndo mana sufuria ya supu ya ng'ombe ukiiosha na maji ya baridi unajikuta umepaka nta kwenye sponji, kwenye mikono na kwenye beseni zima. Hiyo moja tu ndo ipashie maji, na kama umetoka kupika, weka maji humohumo ndani ya sufuria wakati chakula kiko mezani na jiko bado lina joto.

Mama yuko sahihi kabisa pale penye mtoto mchanga au mgonjwa wa kuharisha ndani ya nyumba. Vyombo vya mtoto mdogo vichemshwe, na vya mgonjwa vimwagiwe maji yanayotokota baada ya kuoshwa, hapo gesi itumike bila kuhesabu.

SWALI: Salaam aleikum shangazi, natoka Mombasa. Huku kwetu maji ya mfereji huja akijisikia, tuna kisima lakini maji yake ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na glasi hubaki na ukungu mweupe. Maji matamu twanunua mitungi kwa watu wa mkokoteni. Naona aibu kuoshea vyombo maji ya kununua lakini ya kisima hayaoshi. Nifanyeje? (Bi wa Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, usione aibu, tumia yote mawili kila moja mahali pake.

Maji ya kisima yana chumvichumvi na chokaa, sabuni ya kipande ikikutana nayo haioshi, inageuka ule utando mweupe unaonata kwenye beseni. Kwaiyo kwa maji hayo achana na ya kipande, tumia sabuni ya maji au ya unga, hizo hazishindwi sana hata povu likiwa dogo. Na usihukumu kwa povu, shika sahani uisugue na kidole, ikilia kwiii mafuta yameisha. Osha na suuza mara ya kwanza kwa maji ya kisima, hayo unayo, alafu beseni la mwisho tu ndo liwe maji matamu, lita tatu nne zinatosha nyumba nzima mana chombo kinafika pale hakina uchafu, kinakuja kutolewa chumvi tu. Ule ukungu wa kwenye glasi ni chokaa inayobaki maji yakikauka, futa kwa kitambaa chenye maji ya ndimu utatoka, na ukisuuza mwisho kwa maji matamu haurudi.

Na mvua za masika zikianza weka diaba chini ya bati. Maji ya mvua ndo mazuri kuliko yote kwa vyombo, hayana chokaa, sabuni kidogo tu inatoa povu mpaka unashangaa. Acha dakika za mwanzo zioshe bati kwanza ndo ukinge.

SWALI: Shangazi habari ya kazi. Mimi ni baba mwenye nyumba Ukonga, bili ya maji imepanda na nimegundua binti wa kazi anafungulia bomba mwanzo mpaka mwisho akiosha vyombo. Nimemsema mara nyingi habadiliki. Nimfanyeje huyu binti? (Baba wa Ukonga)

JIBU: Nzuri kaka yangu. Nitakujibu kama dada yako. Nenda jikoni kwako leo, angalia hayo mabeseni yako mangapi. Nina hakika liko moja, tena limepasuka pembeni, au hakuna kabisa. Mtu mwenye sinki moja na bomba moja, vyombo vya watu wanane vimerundikana toka jana usiku, sabuni anapewa kwa kipimo, na saa moja asubuhi watoto wanasubiri vikombe, huyo atafungulia bomba tu, hana njia nyingine. Mnunulie mabeseni mawili na jagi, mnunulie sponji mpya na dodoki la sufuria, alafu simama naye pale sinki mara moja mwoshe pamoja, wewe ukisuuza. Na semeni wenyewe nyumbani, kila anayekula akombe sahani yake na aipeleke kwenye beseni la maji, asiiache mezani ikauke na kumwachia yule mtoto wa watu kazi mara mbili.

Pia angalia bomba lenyewe. Kama linadondosha hata likifungwa, weka kikombe chini usiku ukalale, asubuhi uone. Koki mara nyingi ni mpira wa ndani tu umeisha, fundi anabadilisha kwa dakika chache. Na ile koki ya chini ya sinki ipunguze kidogo, bomba likitoka jembamba hata mtu akilisahau halimwagi lita 8 kwa dakika, litamwaga nne. Fanya hayo kwanza alafu usubiri bili moja ije. Ukimsema kabla ya hapo utakua unamuonea.

SWALI: Asalaam aleykum shangazi. Sisi tuko Maskati, nyumbani tunaongea Kiswahili mana bibi zetu walikulia Zanzibar. Mume wangu ameninunulia mashine ya kuoshea vyombo, mama mkwe anasema ni israfu, maji na umeme vinaenda bure, mikono ipo. Mimi naipenda lakini sitaki dhambi ya israfu. Nani ana haki? (Mke wa Maskati)

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu, nipe salamu kwa mama mkwe, na mwambie hoja yake nimeiheshimu mana kwenu huko kila tone lina umeme ndani yake. Oman maji ya bomba kwa sehemu kubwa yanatoka baharini, yanachujwa chumvi kwenye mitambo kama ile ya Barka na Sohar, na kuchuja lita 1,000 za maji ya bahari kwa mitambo ya kisasa kunakula kama unit 3 mpaka 4 za umeme kabla maji hayajafika hata kwenye tanki lako. Kwaiyo anayemwaga maji Maskati anamwaga na umeme.

Ila mashine yenyewe siyo adui. Mashine ya siku hizi ikijaa vizuri inatumia kama lita 10 mpaka 12 kwa vyombo vyote vya mlo wa familia kubwa. Kule Ujerumani watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn waliwahi kuwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya watu 12 waoshe kwa mikono kila mtu kwa mazoea yake, wastani ukaja kama lita 103 na umeme wa unit 2 na nusu wa kupashia maji, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikua kubwa sana. Lakini mama mkwe naye asikate tamaa, mana mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Michigan Marekani walilinganisha tena, wakakuta anayeosha kwa mabeseni mawili, moja la maji ya moto ya kusugulia na moja la baridi la kusuuzia, alafu akaviacha vikauke kwa hewa, anachafua hewa kidogo kuliko hata mashine. Hivo ndivyo bibi zenu walivyoosha Zanzibar, mabeseni uani na kichanja juani. Nilifurahi sana niliposoma hiyo.

Kwaiyo haki mnayo wote wawili. Mama mkwe akiosha kwa mabeseni yake yuko juu yako. Wewe ukiosha kwa mashine iliyojaa uko juu ya anayefungulia bomba. Usiiwashe nusu tupu, usisuuze vyombo kwenye bomba kabla ya kuviingiza, hapo ndo israfu yenyewe mana unaosha mara mbili, komba tu makombo. Tumia programu ya eko hata kama inachukua saa tatu, haraka yako inalipwa kwa umeme, mana umeme mwingi wa mashine unakwenda kupasha maji na eko inapasha kidogo. Ikimaliza zima, fungua mlango, viache vikauke vyenyewe.

Na kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, wenyewe mnajua maji ya tanki la juu ya paa yanavyotoka ya moto bila hita. Zima hita ya jikoni miezi hiyo yote. Maji ya bomba yanatosha kwa sufuria yenye mafuta ya mbuzi, na kama kitabu cha mashine yako kinaruhusu kuingiza maji ya moto, nyingi zinakubali mpaka nyuzi 60, basi jua limeshakufanyia nusu ya kazi.

SWALI: Shangazi shikamoo, sisi huku Muheza tunapikia kuni, kazi kubwa ni masizi ya nje ya sufuria, maji na sabuni yote yanaishia hapo. Na je majivu tuendelee kutumia au ni ya kizamani? (Mama wa Muheza, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Masizi dawa yake ni kabla ya kupika siyo baada. Chukua kipande cha sabuni kilicholowa, au majivu uyakoroge na maji yawe uji mzito, paka nje ya sufuria, chini na pembeni mpaka karibu na mdomo, acha dakika mbili kikauke ndo uinjike. Masizi yatakaa juu ya ile sabuni hayatagusa bati, ukimaliza kupika unayafuta na kitambaa kibichi yanatoka na sabuni yake, ndani ya kopo moja la maji. Mama yangu alikua na sufuria ya pilau aliyoipikia kuni miaka na miaka na nje ilikua inang'aa kama ndani.

Majivu siyo ya kizamani, ni mazuri mno kwa mafuta, yakikutana na mafuta yanafanya kazi kama sabuni, unaokoa na hela. Chekecha kwanza yatoke mawe na vipande vya mkaa. Ila sufuria zetu hizi za alumini majivu mabichi yakikaa muda mrefu yanaila na kuifanya nyeusi, kwaiyo sugua, suuza hapohapo, usiyaache yalale. Vyungu na chuma havina shida. Mchanga uachie masufuria makuukuu tu, unachana, na pale palipochanika ndo chakula kinapong'ang'ania kesho.

Kichanja kama hamna mjengee watoto wakusaidie, miti minne ya kusimama na fito za juu zenye nafasi maji yapite, kiwe juu kuku wasifike, upande unaopata jua la asubuhi. Sahani zilazwe kifudifudi, na dodoki nalo lining'inie hapohapo likauke, lisilale ndani ya beseni.